Bafta ya Mama Kiwanjani

Ndege inapopita juu ya nyumba yangu, wajukuu hutoka mbio kuipungia mikono. Mimi hubaki jikoni na sufuria yangu. Chuma hakina kosa na mtu, wala siichukii ndege yenyewe. Ila najua mambo yanayofanywa chini ili aliye juu apite salama, na kwetu sisi najua yalifanywa kwa nguo ya nani.

Nilijifunza kusoma na kuandika ukubwani, macho yameshaanza kuchoka, kwa hiyo msinitake niandike kwa madaha. Naandika kwa sababu nina hasira, na hasira yangu ina umri mkubwa kuliko watoto wangu.

Mume wangu alikuwa mtunza kiwanja cha ndege. Wakati huo Mwingereza ndiye aliyekuwa mwenye nchi, na vita vikuu vya pili vilikuwa vinapiganwa huko kwao na kugharimiwa na sisi huku. Kiwanja chenyewe kilikuwa upande wa Umwe, mahali tambarare, mbali kidogo na mashamba ya mpunga. Msifikirie viwanja vya siku hizi. Kilikuwa uwanda uliofyekwa, umezungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa, na mlingoti mmoja wenye fuko la nguo la kuonyesha upepo unakoelekea. Basi. Hapakuwa na simu wala redio ya kusemezana na rubani. Ndege ikishaondoka Dar es Salaam, aliye angani na aliye ardhini walielewana kwa macho tu.

Kazi ya mume wangu, kwa hiyo, ilikuwa kuzungumza na watu wasioweza kumsikia. Asubuhi alitembea kiwanja kizima akifukia mashimo ya ngiri na kubomoa vichuguu. Ndege ikitarajiwa, aliwasha moto wa nyasi mbichi ili moshi umwonyeshe rubani upepo umelalia wapi, maana ndege hutua ikiukabili upepo. Na kiwanja kikiwa kibovu, hasa masika udongo ukishalegea, alitandaza katikati nguo mbili ndefu nyeupe zilizokatana. Hiyo ilikuwa alama ya kukataza. Rubani akiiona anajua kwamba hapa hapatuliki, arudi alikotoka. Asipoiona atatua, magurudumu yatazama, na chombo kitapinduka pamoja na waliomo.

Wazungu waliita alama hiyo msalaba. Mume wangu, mtu wa swala tano, hakulipenda jina hilo, akaiita mkasi. Kijiji kizima kikafuata kuiita mkasi, na mimi nikaitwa mke wa Bwana Ndege. Nilicheka nao. Siku hizo nilikuwa bado nacheka na watu.

Mama yangu alikuja kukaa nasi baada ya baba kufariki. Alitoka Kiongoroni, karibu na bahari, ndiko nilikozaliwa hata mimi: mikoko, tope, na maji yanayokuja na kuondoka. Alikuja na sanduku lake la mbao. Ndani mlikuwa na kanga zake, chupa ya marashi, na chini kabisa bafta nyeupe isiyokatwa, imekunjwa pamoja na karafuu. Hiyo ilikuwa sanda yake. Aliinunua mwenyewe kabla ya vita, kutokana na majamvi aliyoyasuka. Wazee wetu wa kike walikuwa hivyo, hawakutaka siku yao ifike watu waanze kuhangaika madukani. Kila baada ya muda aliitoa, akaianika kivulini, akaikunja upya na kuirudisha, akiishika kama nguo ya sikukuu.

Vita viliponoga, nguo ikaadimika. Maduka ya Kibiti yalibaki na rafu tupu na mwenye duka anapepea nzi. Vitambaa vya marekani, kaniki, bafta, vyote vikawa hadithi. Watu walivaa magunia, na niliwaona ndugu wawili wakiazimana kanzu moja, huyu akitoka yule ajifungie ndani. Maiti walizikwa kwa chochote kilichopatikana. Mama akisikia habari hizo aligonga kifuniko cha sanduku lake kwa kidole na kusema, "Miye yangu ninayo. Hamtahangaika nami." Alilisema kwa majivuno kidogo, na alikuwa na haki ya kujivuna.

Kabla masika hayajaingia, mume wangu alifungua sanduku la serikali lenye nguo za mkasi, akakuta mchwa wameshazila. Alikuwa ameliweka chini, kwenye sakafu ya udongo, badala ya kuliinua juu ya mawe. Alizitoa zikamvunjikia mikononi vipande vipande. Akakaa kizingitini, hana rangi.

"Peleka habari bomani wakupe nyingine," nikamwambia.

"Nyingine waitoe wapi, na watu wanavaa magunia? Watasema nimeziuza. Nitafungwa, mke wangu."

Hofu yake haikuwa ya bure. Watu walikuwa wakifungwa kwa mambo madogo kuliko hayo. Lakini hakuuliza. Hilo naomba mlishike tangu sasa, kwamba hakuuliza.

Mama alikuwa pembeni anasuka ukili. Akataka kujua mkasi ni kitu gani hasa, na mume wangu akamweleza kwa adabu, macho chini, kama mtu anavyozungumza na mkwewe. Mama alielewa upesi kuliko nilivyoelewa mimi, kwa sababu kwao ndiyo maisha. Kule delta, mto unakoingia baharini, njia za maji hubadilika. Palipo na kina leo, mwakani pana fungu la tope. Watu huchomeka miti ya mikoko kando ya njia na kufunga kitambaa juu yake, ili wenye vyombo wajue pa kupita. Na ipo desturi: ukikuta alama imeanguka, wewe uliyeiona ndiye unayeisimamisha, papo hapo, kwa chochote ulicho nacho, hata nguo ya mwilini. Humwachii anayekuja nyuma yako. Na aliyepita salama kwa alama hiyo, akirudi tena, humletea mwenzake kitambaa chake. Nilipokuwa mdogo nilimwona baba akirudi nyumbani kifua wazi kwa sababu hiyo, na mama hakumwuliza shati liko wapi.

Basi mama akainuka, akafungua sanduku, akaitoa bafta.

"Chukua," akamwambia mume wangu. "Wa juu nao ni wasafiri. Ukiletewa yako utanirudishia."

"Siwezi, mama. Hiyo ni sanda."

"Kwani miye nafa leo?" Akacheka, kisha akamwambia aikate katikati bila hofu, kwa kuwa hata siku yake ikifika itakatwa tu.

Mimi nilikataa. Nilikataa waziwazi, mbele yao wote wawili. Nilimwambia mama kwamba ndege haina desturi za Kiongoroni, na hao wanaopita juu hawatamrudishia mtu kitambaa chake, hawamjui. Mama akaniambia nimekaa sana bara hata nimekuwa mchoyo. Alilisema kwa utani, lakini mpaka leo bado lipo hapa kifuani.

Bafta ikakatwa, ikawa mkasi. Mume wangu akachonga vigingi vya mkoko vya kuibana pembeni isipeperuke. Masika yakaja kwa nguvu, mto ukafura, kiwanja kikawa uji. Nguo ya mama ililala pale ikinyeshewa. Namtendea haki mume wangu: kila jioni aliing'oa, akaisuuza kwa maji safi, akaianika ndani, na asubuhi akairudisha. Mama alimtania, "Sanda yangu imetembea kuliko miye." Wakacheka wote wawili. Mimi niliinama kwenye kinu nikaendelea kutwanga.

Kisha homa ikamshika mama. Ilimshika kwa kishindo, kama homa za masika zinavyoshika wazee, ikamlaza. Asubuhi moja, mvua ikiwa imekatika kidogo, alikata roho mkono wake ukiwa mkononi mwangu. Neno lake la mwisho lilikuwa kuomba maji. Watu hupenda kuwasingizia wafu wosia, lakini mimi wangu simsingizii.

Jana yake tarishi wa boma alikuwa amekuja na habari. Kuna wakubwa wanatoka Dar es Salaam kwa ndege kutazama mafuriko, na pakiwezekana wangependa kutua. Saa haikutajwa. Kwa hiyo wakati mama anakata roho, mume wangu alikuwa ameshakwenda kiwanjani kutandaza mkasi.

Waosha maiti walipofika wakaniuliza sanda iko wapi. Kila mwanamke pale kijijini alijua kwamba mama ana sanda yake, alishawaonyesha. Nikawaambia nakwenda kuichukua.

Nilikwenda kiwanjani miguu mitupu, tope likinifika vifundoni. Nilimkuta mume wangu amesimama kando ya bafta, anatazama juu. Nikamwambia mama amefariki. Akakaa palepale kwenye tope, akasema innalillahi, akalia. Hakulia kwa kujionyesha, maana hapakuwa na mtu mwingine wa kumwona. Nilimwacha alie. Kisha nikainama, nikaanza kung'oa kigingi.

"Unafanya nini?"

"Nachukua sanda ya mama."

"Ngoja ndege ipite kwanza."

"Itapita lini?"

Hakujua. Nikamwambia maiti hangoji ndege. Nikamwambia atandaze majamvi, akanijibu jamvi juu ya tope halionekani kwa mtu aliye juu. Nikamwambia amwage chokaa, akanionyesha ile aliyojaribu kumwaga alfajiri, imeshasombwa na mvua. Nikamwambia awashe moto, akasema nyasi zote ni maji matupu, tena moshi peke yake haumkatazi mtu kutua, unamkaribisha. Yote hayo aliyasema kwa sauti ya chini, na yote yalikuwa kweli, na ukweli wake ndio ulionipandisha mori.

Nikakamata ncha moja ya bafta, yeye akakamata nyingine. Tukavutana, mume na mke, katikati ya kiwanja cha serikali, na mama yangu yuko ndani amefunikwa kanga. Sikumbuki nilimwita majina gani. Maneno yake yeye nayakumbuka.

"Mke wangu, hao walioko juu nao wana mama zao."

"Wangu yuko ndani hana nguo!"

"Ningeweza kulala hapa miye nikaonekana, ningelala." Akavuta pumzi. "Na weye unajua mama angesema nini."

Nilijua. Mama angesema niache, nirudi nyumbani, alama haiondolewi chombo kikiwa njiani. Nilijua hivyo kabla yeye hajafungua kinywa. Lakini hakuwa na haki ya kuchukua neno la mama akanipigia nalo, mama mwenyewe hata hajaoshwa. Hilo sijamsamehe. Nikaiachia nguo, wala sikuiachia kwa kukubali, mikono tu iliishiwa nguvu. Nilirudi nyumbani bila kitu.

Tulingoja mpaka adhuhuri ikapita. Tukangoja hadi karibu na alasiri. Mbingu ilikuwa kimya. Wazee wakasema inatosha, mtu astiriwe. Mwalimu wa chuo cha Kurani akatoa kanzu yake kuukuu, rangi yake imeshakuwa ya maji ya chai, waosha wakaichana. Wakaongeza kanga zake mwenyewe mbili. Haikutosha upande wa miguu, jirani mmoja akaleta kipande cha shuka. Juu akafunikwa jamvi alilolisuka mwenyewe. Mwalimu akanifariji kwamba sanda ni nguo yoyote iliyo safi, Mungu haangalii rangi. Nilikuwa nalijua hilo, na sikuwa nabishana na Mungu.

Wanaume walikuwa wameshatoka na jeneza, sisi wanawake tumebaki uani kama ilivyo ada, ndipo tukasikia mlio. Ndege ilitokea kwenye mawingu upande wa Kibiti, ikashuka, ikazunguka kiwanja chinichini hata nikaona magurudumu yake. Nilisimama nikaitazama. Ilizunguka mara moja tu. Kisha ikainamisha bawa, ikapanda, ikarudi ilikotoka. Waliokuwemo walifika kwao wakala chakula chao cha jioni. Wangetua, wangekufa wote, kwa kuwa kiwanja kile siku hiyo hata mbuzi angezama. Mume wangu alikuwa sahihi, na mimi nimeishi na jambo hilo kama mtu anavyoishi na mwiba uliokatikia ndani.

Hakumzika mkwewe. Jeneza lilipita njia ya makaburini yeye akiwa amesimama kiwanjani na uso juu. Alirudi jioni na bafta begani, imejaa tope, akaisuuza, akaianika mahali pake pa kila siku. Watu kijijini walisema mengi, kwamba amemvua mkwewe sanda ili awavishe Wazungu, na mtu aliyekuwa akipenda kusalimiana na kila mmoja akaanza kupita njia za nyuma.

Kiangazi kilipoingia, bwana mmoja wa Kizungu anayesimamia viwanja alikuja kwa gari kukagua. Alikuwa mtu mpole, na Kiswahili chake cha kuokotaokota kilieleweka. Akaishika ile bafta, akaigeuzageuza, akasema hii si nguo ya serikali. Mume wangu akaogopa, akamwaga yote: mchwa, sanduku, mama mkwe, sanda, maziko. Nilikuwa nimesimama mlangoni, nikasikia kila neno.

Yule bwana alimrudishia ile nguo. Kisha akauliza, tena kwa mshangao wa kweli, wala hakuwa na kejeli, "Lakini kwa nini hukuomba? Ghala ya boma ina robota zima la nguo hii. Imeletwa kwa viwanja tu, haina kazi nyingine."

Robota zima. Muda wote ule lilikuwa ghalani limefungwa kamba, na watu wanazikwa kwa magunia kutoka Kibiti hadi Umwe. Haina kazi nyingine! Nilimtazama mume wangu, yeye alikuwa anatazama vidole vya miguu yake. Nilitamani kupiga kelele. Nikaingia ndani nikaendelea kuchambua mchele, na chuya na mchele vyote nikavitupa nje kwa kuku.

Nimeshaigawa lawama hiyo kwa watu wengi. Nimemlaumu yule bwana mpole, aliyeona nguo ya kuandikia mbinguni akasahau watu walio uchi ardhini. Nimeilaumu serikali iliyomfanya mtu mzima aogope kuuliza swali moja kuliko anavyoogopa aibu ya mkwewe. Nimemlaumu mume wangu, maana bomani Utete hakukuwa Ulaya. Angekwenda, angeuliza, angerudi na nguo kwapani kabla masika hayajaanza. Nimemlaumu hata mama na Kiongoroni yake. Nikimaliza kugawa, ile lawama naikuta bado nzima.

Nguo mpya zikaletwa, na mume wangu akaziweka juu ya mawe. Ile ya mama akaifua mara nyingi, akaikunja, akanipa kwa mikono miwili. "Amana ya mama," akasema. Nikaitia sandukuni na karafuu mpya. Hakuna rubani aliyekuja kuuliza ile alama iliyomnusuru ilikuwa nguo ya nani. Huenda hata hakujua kwamba inaulizwa.

Miaka ikapita, vita vikaisha, nguo zikarudi madukani, Mwingereza bado yupo. Mume wangu akaugua kifua, akakonda, akajua. Siku moja aliniita karibu.

"Nikiondoka, nizike kwa ile bafta ya mama."

Nadhani alitaka kwenda kumwomba radhi akiwa ameivaa. Lilikuwa ombi la mtu mwema, na alikuwa mtu mwema. Sijasema vinginevyo popote humu.

"Hiyo si yako," nikamwambia.

Hakuomba tena. Alipofariki nilikwenda Kibiti mwenyewe, nikanunua bafta bora iliyokuwepo dukani, nyeupe pee, na nikamzika kwa heshima zake zote. Nilimlia sana. Lakini ile sikumpa.

Bado ninayo. Imeingia manjano, ina doa la tope lisilotoka, na pembeni ina matundu ya vile vigingi vya mkoko. Juzi binti yangu aliitoa akataka kuyaziba matundu kwa sindano, nikamnyang'anya. Ananiambia siku hizi nguo ni tele, watanunua mpya. Nimewaagiza wote, yeye na wanawe, kwamba nikifa wanivishe hiyo hiyo, vile ilivyo, wasiishone. Ni ya mama, na sina njia nyingine ya kumfikishia.